Kura Zilizopanda Ngazi

Niliagwa kazini kwa keki, saa ya ukutani na hotuba ndefu, na katika hotuba hizo zote hakuna aliyesema nilikuwa nikifanya kazi gani. Siwalaumu. Mshauri wa jamii wa shule ni mtu anayeitwa mtoto akilia, mama akigombana na mwalimu, au bomba likipasuka na fundi hajulikani aliko. Lakini kazi iliyonila miaka mingi zaidi ni ile ambayo haikuandikwa popote katika majukumu yangu: kuwakusanya wazazi, kuwaeleza shule yao inataka nini, na kuwaomba wapige kura ya kuchangia. Nyinyi mlioingia kazini juzi mmeniomba niwaandikie nilikuwa nikifanyaje. Basi nawaandikia. Vyeo na mishahara nitaviruka, maana vyeo vyangu mnavijua, na mishahara haikuwahi kunichekesha.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya tisini, katika shule ya wasichana Matrah, hapa Muscat. Shule ilibanwa na nyumba pande zote, hata ukifungua dirisha la darasa unajua jirani leo anapika nini. Siku ya kwanza nilivaa abaya mpya na viatu vya kisigino, nikakabidhiwa meza isiyo na mtoto wa meza hata mmoja na kiti kilichofungwa mguu kwa kamba. Msaidizi wa mkuu wa shule, Bi Thuraya, alinitazama viatu kabla ya kunitazama uso. Alikuwa mwalimu tangu Unguja, mrefu, mkavu, na sauti yake ilitosha kunyamazisha uwanja mzima bila kipaza sauti. Ndiye aliyenifundisha kazi.

"Hivyo viatu vya arusini," akanambia. "Kesho njoo na makubadhi. Tunakwenda majumbani mwa watu."

"Kufanya nini, Bi Thuraya?"

"Kunywa kahawa. Kwani ulidhani umeajiriwa kukaa?"

Nilidhani ananitania. Kumbe hakuna siku aliyowahi kusema kweli zaidi. Serikali ilitupa kila kitu kikubwa: jengo, vitabu, walimu, mabasi. Lakini kila shule ina mambo yake madogo yanayosubiri zamu, na zamu wakati mwingine ni ndefu. Kwa mambo hayo kulikuwa na mabaraza ya wazazi. Katika shule za wasichana akina baba walikutana siku yao na akina mama siku yao, na kwa desturi ya shule yetu mchango haukupita mpaka pande zote mbili zikubali. Mchango wenyewe ulikuwa wa hiari, kila mtu na uwezo wake. Kura ilikuwa ya kusema tu: jambo hili tunalitaka tulifanye wenyewe, au hatulitaki.

Mimi nilitoka chuoni na imani moja nzito. Niliamini kwamba ukimweleza mzazi faida ya jambo kwa ufasaha, ataliunga mkono. Bi Thuraya hakunibishia. Aliniacha nijaribu, kama mama anavyomwacha mtoto aguse pilipili.

Kura ya kwanza ilikuwa ya kivuli cha uwanja. Wasichana wetu walisimama foleni ya asubuhi juani, na joto likikaza hakupiti wiki bila mmoja wao kuanguka. Nikaandaa maelezo mazuri, nikachora na picha. Akina baba wakaja baada ya alasiri, kanzu zimepigwa pasi, na mkuu wa shule akawa amemwalika mzee mmoja mwenye heshima zake mtaani akae mbele. Mzee akasikiliza, akasema, "Hili ni jambo la kheri," kisha akauliza nani anakubali. Mikono yote ikapanda, hata wa bwana mmoja aliyekuwa amesinzia akatikiswa na mwenzake.

Nilimbana Bi Thuraya mkono kwa furaha. "Umeona? Wote!"

"Nimeona," akasema. "Ndo maana naingia khofu."

Ramadhani ikaja ikaenda, Idi ikapita, kivuli hatukukiona. Wale mabwana hawakuwa waongo. Walinyanyua mikono kwa kumstahi mzee, wala kivuli hakikuwamo katika fikra zao. Kwetu sisi nani atamkatalia mtu mzima mbele za watu? Tangu siku ile sikuruhusu tena mtu anayeheshimiwa sana akae mbele wakati wa kura. Nilimkaribisha baadaye, kwenye kula.

Ikabidi turudie. Safari hii Bi Thuraya akasema tuanze na akina mama, na kura iwe ya siri. Tatizo ni kwamba wengi waliokuja walikuwa mabibi, wamekuja kwa niaba ya mabinti zao walioko kazini, na karatasi na kalamu havikuwa vitu vyao. Bi Thuraya akapata wazo. Tutapiga kura kwa kokwa za tende. Kila mama apewe tende yake, aile, kisha apite nyuma ya pazia atie kokwa katika bakuli la kijani akikubali, au la njano akikataa. Tukaona tumevumbua jambo kubwa sana.

Tulichosahau ni kwamba sisi ni watu wa kahawa. Kabla mkutano haujaanza sinia za tende zilishazunguka, dele la kahawa likazunguka, sinia zikarudi tena. Na mgeni aliyelelewa vizuri hatupi kokwa sakafuni. Wale akina mama waliangaza macho, wakaona nyuma ya pazia kuna mabakuli mawili masafi, na la njano ndilo lililokuwa karibu. Tulipoyafunua, kokwa za kukataa zilikuwa nyingi kuliko wanawake waliokuwamo ukumbini, na nadhani kuliko wanawake wa Matrah yote pamoja na waliokuja siku ile kununua vitambaa.

Bi Thuraya aliliangalia lile bakuli kwa muda. Kisha akatoka mbele ya pazia akawauliza kwa ile sauti yake, "Jamani, mmetukatalia au mmeshiba?"

Walipofahamishwa kilichotokea, ukumbi ulilipuka. Bibi mmoja alicheka mpaka akapepewa. Wenyewe wakadai kura irudiwe, wakaondoa sinia kwa mikono yao, wakasimamiana mlangoni, kila mmoja akapewa kokwa moja kavu. Kivuli kikapita bila taabu, na akina baba, waliopiga kwa karatasi kila mtu peke yake, nao wakapitisha. Kabla joto la mwaka uliofuata halijaingia, wasichana walisimama kivulini. Mimi nikajifunza kwamba watu waliocheka pamoja juu ya jambo hulichukua jambo hilo kuwa lao, kitu ambacho picha zangu hazikuweza kukifanya.

Miaka ile nilikusanya ujuzi mwingine wa aina hiyo, mdogo mdogo. Usiitishe kura mwanzo wa mwaka, watu wametoka kununua sare na mabegi. Usiitishe Idi inapokaribia. Neno "mchango" usilitaje kabla ya kahawa ya pili. Mwenye watoto waliokwisha kumaliza shule mwalike vilevile, maana akiachwa nje atakupinga mtaani, na akiitwa ndani atakusaidia hata bila sababu. Niliwahi kuazimwa kwa muda shule ya kijiji cha Yiti, na kule hakuna aliyeniuliza jambo litagharimu kiasi gani. Waliuliza fundi ni mtoto wa nani. Nilipowataja wazee wake, kura ikawa imekwisha kabla haijaanza. Vifaa vyangu vya kazi, nikihesabu kwa haki, vilikuwa makubadhi, chupa ya kahawa, na uwezo wa kukumbuka jina la kila mjukuu.

Mwisho wa miaka ya tisini nikahamishiwa Mabela. Bi Thuraya alikuwa amestaafu, akawa ananielekeza kwa simu, na simu zake zilikuwa fupi kwa sababu alikuwa hapendi kuzungumza na mtu asiyemwona uso. Mabela wakati ule ilikuwa inajengwa mbele ya macho yako. Unaondoka Jumatano unaacha kiwanja kitupu, unarudi Jumamosi unakuta ukuta. Watu walitoka kila upande, hawakujuana bado, na kila mmoja alikuwa na saruji yake kichwani. Kuwaomba watu wa namna hiyo wachangie shule ni sawa na kumwomba mtu kijiko cha sukari wakati anahama nyumba.

Mpinzani wangu mkubwa Mabela alikuwa Bwana Khalfan, mstaafu wa jeshi, mwenye wajukuu shuleni kwetu na mgongo ulionyooka kama bado anakaguliwa. Kila nilipoleta jambo, alisimama akasema, "Hiyo kazi ya serikali," akakaa. Msidhani alikuwa bakhili. Kwenye msiba alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, na mkono wake ulikuwa wazi. Hoja yake ilikuwa kwamba tukijifanyia wenyewe kila kitu, wakubwa wataona Mabela hawana haja, na zamu yetu itaruka. Ilikuwa hoja ya kweli, na mimi sikuwahi kupata jibu lake. Mkewe, Bi Zuwena, alikuwa kinyume chake kwa kila kitu: mnene, mcheshi, mwenye neno kwa kila apitaye. Akina mama wa mtaa walimfuata yeye. Akisema jambo zuri, ni zuri.

Sasa nifike kwa Rayya. Nimemwomba mama yake ruhusa ya kuandika haya, akanipa kwa sharti nibadilishe majina, na nimebadilisha.

Rayya alikuwa darasa la kumi, miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Alikuwa na akili ya haraka na ulimi wa haraka zaidi. Mwaka mmoja kabla ya hapo maradhi yalimshika miguu, na akarudi shuleni kwenye kiti cha magurudumu. Darasa lake tulilishusha chini siku ileile. Maabara ya sayansi ndiyo haikushuka. Ilikuwa ghorofani, na mabomba yake na meza zake, na Rayya alitaka sayansi, kwa sababu alitaka awe mfamasia. Walimu walimbeba na kiti chake mara ya kwanza, wakambeba mara ya pili. Mara ya tatu akakataa.

"Mimi si friji, abla," akamwambia mwalimu wake. "Friji ndo hupandishwa ngazi na watu wanne."

Tulicheka, naye akacheka, lakini hakupanda tena. Akaanza kusema kwamba mwaka ujao atachagua masomo ya fasihi. Fasihi ni nzuri, ila yeye hakuitaka. Mwaka uliofuata ndio uliokuwa wa kuchagua, na akishachagua njia imefungwa.

Tukawaandikia wakubwa. Wakajibu vizuri: maabara ya chini imo katika mpango, lakini zamu yetu bado. Kama wazazi wako tayari kuigeuza stoo ya chini na kuiongezea chumba, basi meza, mabomba na vifaa vyote watatoa wao. Wazazi wakiwa hawako tayari, tusubiri. Nikajua kusubiri kwa Rayya maana yake ni kukosa.

Mama yake, Salma, akaja ofisini kwangu. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, hakai mpaka umwambie mara mbili.

"Bi Asma, nasikia mnataka kuitisha kura."

"Inshallah. Na nna hakika itapita. Nikimtaja Rayya tu, nani atakataa?"

Akatikisa kichwa. "Hilo ndo lililonileta. Naomba usimtaje."

"Salma, hiyo ndiyo sababu yenyewe!"

"Najua. Lakini mwanangu akipita dukani sitaki mtu amnyooshee kidole, aseme huyu ndiye tuliyemjengea. Leo watamwonea huruma, kesho watamdai shukrani. Mie nataka aingie maabara kama wenziwe, agombane, avunje vitu, asidaiwe kitu. Ukimtaja, namtoa shule."

Hakuwa akitisha. Alisema kwa sauti ileile ya kuomba. Nikamwahidi, na alipotoka nikakaa kwenye kiti changu nikajiuliza nimeahidi nini. Nilikuwa na jambo moja kubwa mkononi, najua sababu yake, na sina ruhusa ya kuisema.

Nikaanza kupima upepo. Majibu yalikuwa mamoja kila nyumba: maabara si ipo? Juu au chini, tofauti yake nini? Hata mama niliyemtegemea akaniuliza kwa upole kama sijachoka na kazi. Nikampigia simu Bi Thuraya nikamweleza yote.

"Unawaomba watu kitu wasichokuwa na haja nacho," akasema.

"Ndo hivyo."

"Basi wape haja." Akakata simu.

Nilizunguka na maneno yale wiki nzima. Jibu nililipata nikiwa nimesimama chini ya ngazi, nimeshika boksi la chaki, najisikia uvivu wa kupanda. Ngazi zile zilikuwa ndefu na wima, mjenzi wake sijui alikuwa na haraka gani. Nikaenda kwa mkuu wa shule nikamwambia mwaka huu mikutano ya wazazi isifanyike ukumbini. Ifanyike maabara, ghorofani, ili wazazi waone kwa macho yao watoto wanasomea wapi. Mkuu alinitazama. "Mabibi watafikaje?" akauliza. Nikamwambia hilo nalo wataliona kwa macho yao.

Siku ya akina mama ikafika. Niliwasubiri juu na kahawa yangu, nikasikiliza. Kwanza ikasikika sauti ya Bi Zuwena kutoka chini.

"Yarabbi! Ngazi hizi kazijenga adui yangu?"

Nikatoka kuchungulia. Alikuwa amepanda vidato vichache, amekaa, ameshika magoti yote mawili. "Nendeni, mashoga zangu, nendeni. Mie nshafika. Salamu zangu kwa watakaofika hai." Nyuma yake bibi mwengine naye akakaa. "Goti langu hili, wallahi, linalia kama mlango." Wa tatu akaegemea ukuta akaomba maji. Wachache waliokwisha kupanda wakaona haya kuwaacha wakubwa zao, wakashuka wakakaa nao. Mwisho mkutano wenyewe ulifanyika ngazini, mabibi wamejipanga kutoka chini mpaka pale ngazi inapokata kona, na chupa ya kahawa inapita mkono kwa mkono. Mimi nilisimama katikati, nikaeleza habari ya chumba cha chini. Sikuhitaji ufasaha. Kila nilipotaja neno "chini", walikuwa wakiitikia "Aaamin."

Kokwa zikagawiwa, kavu. Bakuli la njano lilirudi karibu tupu. Salma alikuwa amekaa pembeni na baibui lake, kimya, akatia kokwa yake kama wengine. Nilirudi nyumbani siku ile nikijiona mjanja wa Muscat nzima.

Wiki iliyofuata wakaja akina baba, nami nikawapeleka palepale ghorofani. Hapo ndipo ujanja wangu ulipokwama, kwa sababu mwanamume hakubali kuwa na goti mbele ya mwanamume mwenziwe. Walipanda wote. Walipanda wazee wa bakora, walipanda wenye matumbo, wakafika juu wamebana pumzi, nyuso zinawatiririka jasho, wakawa wanaambiana, "Hewa nzuri huku juu, ee?" Bwana Khalfan alipanda wa mwisho, mgongo wima, akaingia kama anayekuja kukabidhiwa bendera.

Mkuu wa shule akaeleza jambo. Bwana mmoja akasema maabara hii nzuri tu, tena ina upepo. Mwengine akaunga mkono. Nikaona kura inatuponyoka. Nikamfikiria Rayya akijaza fomu ya fasihi, na ulimi ukaniwasha. Neno moja tu lingetosha. Niliuma midomo, na nakiri sikuwahi kuona kazi ngumu kama kunyamaza siku ile.

Bwana Khalfan akasimama. "Hii kazi ya serikali," akasema. Nikafumba macho. Lakini safari hii hakukaa.

"Hayo ndo maoni yangu na siyabadilishi. Lakini, jamaa, tangu huo mkutano wa ngazini kwangu hapakaliki. Mke wangu hainuki. Magoti yote mawili yamefungwa matambaa, nyumba nzima inanuka mafuta ya karafuu, na mie chai najipikia mwenyewe. Mimi! Nimetumikia jeshi umri wangu wote, sikuwahi kuchemsha chai mbaya kama hii."

Kisha bwana mmoja nyuma akasema kwa sauti ndogo, "Na mamangu vilevile." Mwengine akasema, "Wangu mie tangu siku ile nampelekea chakula kitandani." Na mmoja, tumbo mbele, akajifuta jasho akasema, "Nyinyi semeni wake zenu. Mie nasema langu. Mie nimekufa pale kwenye kona." Chumba kizima kikaangua kicheko, na mabwana wakaanza kukaa vitako vizuri na kusugua magoti yao waziwazi. Karatasi zilipogawiwa niliona kalamu zinakwenda haraka. Jambo likapita. Nilikwenda chumba cha pili nikalia kidogo, kisha nikarudi kugawa vikombe.

Siku chache baadaye nikaona ni adabu nimpitie Bi Zuwena kumshukuru na kumpa pole. Nikachukua bakuli la halua na chupa ya dawa ya kuchua niliyoipata dukani Matrah. Mlango ukafunguliwa na dada aliyekuwa akifanya kazi pale, Neema, kutoka Dodoma.

"Karibu sana, dada. Mama yupo juu anaanika nguo."

"Juu wapi?"

"Kule kwenye paa. Nikimwambia niende mimi hataki kabisa. Anasema ndiyo mazoezi yake, anapanda na kushuka hata mara tano."

Nikasikia miguu inashuka, mbio, taka taka taka. Bi Zuwena akatokea na tenga tupu kiunoni, hana jasho wala hahemi. Akaniona. Akaiona chupa ya dawa ya kuchua. Tukatazamana.

"Bi Zuwena," nikasema, "na magoti?"

"Magoti gani?" Kisha akaweka tenga chini akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa. "Haya kaa, mwanangu. Neema, tuletee kahawa. Asma, wewe ulidhani watu wa Mabela vipofu? Mtoto tumemwona anakimbia uwanjani, kisha tumemwona kwenye kiti. Wajukuu wanasema nyumbani. Sote tunajua maabara iko juu, na sote tunajua kwa nini unataka ishuke."

"Mbona hamkusema? Nimezunguka nyumba zenu zote!"

"Tuseme nini? Yule mama anapita anasukuma kiti cha mwanawe, kichwa juu. Mtu anayebeba kichwa vile humwendei na huruma, utamvunja. Tukawa hatujui tukubali kwa kisingizio gani. Ukatuita ghorofani, nkawaambia wenzangu, khalas, Asma katupa njia. Magoti ni yetu. Tukiyalilia sisi, mwenziwetu hadhuriki na kitu."

Ujanja wangu wote ulikuwa umepakatwa na wanawake wale tangu kidato cha kwanza cha ngazi. "Na Bwana Khalfan?" nikauliza. "Maskini, kakuhangaikia kwa matambaa na karafuu."

"Nani alinifunga hayo matambaa? Yeye mwenyewe. Goti zima, halina maumivu, analifunga huku anacheka." Akanimiminia kahawa. "Ila chai, kweli, kajipikia. Nlimwambia akisema uongo mkutanoni ni dhambi, basi bora ajipikie iwe kweli."

Nililia na kucheka kwa pamoja, halua tukaila wote watatu, na dawa ya kuchua akaichukua Neema, ambaye ndiye peke yake katika nyumba ile aliyekuwa na mgongo unaomuuma.

Chumba kilimalizika wakati wa likizo. Shule ilipofunguliwa, nilisimama uwanjani kujifanya naangalia foleni. Kengele ya somo ikapigwa, wasichana wakamiminika kuelekea maabara mpya, na Rayya katikati yao, anabishana na mwenzake nani atashika moto na nani ataandika. Hakuna aliyemtazama. Mlango ulikuwa mpana, akaingia, na punde tukasikia kitu cha kioo kinavunjika na sauti yake inasema si yeye.

Salma alikuwa getini. Alisubiri mpaka mlango ukafungwa, kisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili, na macho yalikuwa yamemjaa.

"Ahsante, Bi Asma. Nimeishi na khofu miezi yote hii. Hakuna aliyejua ni kwa ajili ya nani, ee?"

Kabla sijafungua mdomo, Bi Zuwena, aliyekuwa amemleta mjukuu wake, akajishika goti akaachia mguno uliosikika mpaka barabarani.

"Salma mwanangu, waombee waliokishusha chumba hichi. Ngazi zile zilikuwa zinatumaliza sie."

Nje ya geti mlango wa gari ukafunguka. Bwana Khalfan akateremka, mgongo umenyooka, akamfuata mkewe, akampa mkono aegemee, akamwongoza kwenda garini hatua moja moja, taratibu, uso wake mzito kabisa.